Maswali ya Wasomaji: Figo Iliyotolewa Ina Habari za Figo Iliyobaki

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinahusu uvimbe wa figo. Nimechagua nne, kwa sababu zote zinagusa jambo ambalo limenisumbua tangu nianze kazi ya patholojia, yaani kusoma tishu za wagonjwa kwa hadubini: ugonjwa wa figo usio wa kansa, ambao mara nyingi umo ndani ya sampuli ile ile iliyoletwa maabara kutafutwa kansa, nao unaondoka maabara bila kutajwa.

*

*Daktari, pokea salamu kutoka Nyalenda. Baba yangu ana umri wa miaka 58. Mwaka jana alitolewa figo ya kushoto kwa sababu ya uvimbe, na majibu yalisema ni kansa ya seli angavu, kwamba ilikuwa ndani ya figo pekee na imeondolewa yote. Kabla ya upasuaji kriatinini yake ilikuwa 118 tukaambiwa ni ya kawaida. Miezi miwili baada ya upasuaji ilikuwa 140, na sasa, mwezi wa kumi na nne, ni 168. Miguu inavimba jioni, mkojo una povu, na kipimo cha kijiti kilionyesha protini alama tatu. Ana presha ya miaka mingi na aliwahi kuambiwa sukari yake iko juu kidogo. Hakupewa dawa yoyote ya kansa baada ya upasuaji. Je, kansa imehamia figo ya pili?*
*— Binti wa Mzee, Kisumu*

Binti yangu, pole kwa hofu hii, na unifikishie salamu kwa mzee. Nianze na swali ulilouliza. Kansa ya figo huweza kurudi, ndiyo maana mzee hapaswi kukosa hata picha moja ya CT aliyopangiwa, lakini si kawaida yake kujitangaza kwa mkojo wenye povu. Povu linalokawia kutoweka, likiandamana na protini alama tatu na miguu inayovimba, huonyesha kwamba vichujio vya figo vinavuja. Huo ni ugonjwa wa figo yenyewe. Kwa maelezo yako, naamini haukuanza baada ya upasuaji, bali ulikuwa katika figo zote mbili siku mzee alipoingia chumba cha upasuaji.

Tazama namba ulizonitumia. Kriatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo huitoa nje kwa mkojo. Maabara nyingi huchapa kikomo cha juu cha mwanamume karibu na 120, kwa hiyo 118 ilionekana salama. Lakini ukiiingiza katika fomula inayozingatia umri na jinsia, utapata uwezo wa kuchuja wa takriban mililita 62 kwa dakika, ilhali kijana mwenye afya huwa na 100 au zaidi. Alipotolewa figo moja akashuka hadi takriban 50, na hilo halishangazi hata kidogo. Linaloshangaza ni kwamba leo yuko kwenye 40. Figo inayobaki, ikiwa nzima, hujiongezea nguvu katika majuma na miezi ya kwanza kisha hutulia; haiporomoki kwa pointi kumi ndani ya mwaka mmoja huku ikimwaga protini. Baada ya umri wa miaka arubaini hivi, mtu mwenye afya hupoteza takriban pointi moja kwa mwaka.

Mzee hayuko peke yake katika hili. Mwaka 2006 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 662 waliokuwa na uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4. Wote walikuwa na figo mbili na wote walikuwa na kriatinini iliyohesabiwa kuwa ya kawaida. Fomula ilipotumika, asilimia 26 kati yao walikuwa na uwezo chini ya 60, yaani tayari walikuwa wagonjwa wa figo kabla ya kisu kuwagusa. Si ajabu, kwa sababu mambo yanayomweka mtu katika hatari ya kansa ya figo, kama vile presha, unene, sigara na umri, ndiyo hayo hayo yanayochakaza vichujio.

Sasa turudi kwenye figo iliyotolewa, maana hapo ndipo ninapotaka uelekeze nguvu zako. Uvimbe ulichukua sehemu tu ya figo ile, na iliyobaki ilikuwa tishu ya kawaida ya mzee yenye maelfu ya vichujio. Ikiwa kisukari au presha ilikuwa inavila vichujio vya figo ya kulia, ilikuwa inavila na hivyo vya kushoto, na vimo katika vipande vya nta vilivyohifadhiwa maabara hadi leo. Daktari wa figo anapotaka kujua ni ugonjwa gani unaovuja protini, kwa kawaida huchoma sindano na kutoa sampuli. Kumchoma mtu mwenye figo moja kunahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa ikivuja damu vibaya hakuna nyingine ya kumtegemeza. Kwa mzee wako sampuli hiyo ilikwisha kutolewa, tena kubwa kuliko ambayo sindano yoyote ingeipata. Kilichosalia ni kuisoma.

Utaniuliza kwa nini haikusomwa tangu mwanzo. Mwaka 2007 wanapatholojia wa Chicago walizipitia upya figo 246 zilizokuwa zimetolewa kwa sababu ya uvimbe. Katika 24 waliona ugonjwa muhimu wa figo usio wa kansa, na kati ya hizo 24, magonjwa 21 hayakuwa yametajwa katika ripoti ya kwanza. Wasomaji wale wa kwanza hawakuwa wazembe. Jicho huvutwa na uvimbe: ukubwa wake, daraja lake, kama umefika kwenye mshipa, kama kingo ni safi. Tishu ya pembeni hupewa slaidi moja yenye rangi ya kawaida, ambayo haionyeshi vizuri utando wa vichujio, kisha huandikwa kwamba haina la ajabu. Siku hizi fomu ya ripoti ya kansa ya figo inayotumiwa na wanapatholojia wa Marekani inamlazimu msomaji aseme alichokiona katika tishu isiyo na uvimbe. Natamani kila maabara yetu ya mkoa wa ziwa ifanye hivyo pasipo kusubiri kulazimishwa.

Basi nenda katika hospitali alikopasuliwa, chukua namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti, na mwombe daktari aandike ombi la kusomwa upya kwa tishu isiyo na uvimbe, kwa rangi za PAS na fedha, ambazo huonyesha vizuri utando wa vichujio. Katika ombi hilo yaandikwe yote: presha, sukari, protini kwenye mkojo na kriatinini zote tatu pamoja na tarehe zake. Ikiwa ni kisukari, msomaji anaweza kuona vinundu vya mviringo ndani ya vichujio, vile ambavyo Kimmelstiel na Wilson walivieleza mwaka 1936. Ikiwa ni presha, ataona mishipa midogo yenye kuta nene na vichujio vilivyosinyaa. Yako mengine pia, kama makovu ya sehemu tu ya kichujio, utando ulionenepa, au amiloidi, yaani protini mbovu inayojilundika katika tishu, ambayo wakati mwingine huletwa na kansa yenyewe. Kila moja lina njia yake ya matibabu, na kuyatibu yote kwa kubahatisha ni kumpotezea mzee muda ambao figo yake haina.

Wakati mnasubiri, mzee aonwe na daktari bingwa wa figo, iwe Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi au Eldoret kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Apimwe uwiano wa albumini na kriatinini katika mkojo, na sukari ya miezi mitatu. Aulize kuhusu dawa za kundi la enalapili au losatani, ambazo hupunguza protini inayovuja, na pia kuhusu dapagliflozini, dawa ya kisukari inayolinda figo pia. Kama anameza metformini, dawa ya kisukari, kipimo chake kinapaswa kupunguzwa uwezo unapokuwa chini ya 45, na dawa iachwe kabisa ukiwa chini ya 30. Tena nakusihi sana, diklofenaki na ibuprofeni za dukani zisimwingie kinywani, hata goti likimuuma namna gani.

*

*Daktari, hujambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nakuru, umri wangu ni miaka 46. Picha ilionyesha uvimbe wa sentimita 3 katika figo ya kulia, nikachomwa sindano ya biopsi. Majibu yanasema: “Tishu ya figo bila uvimbe. Hakuna kansa iliyoonekana. Glomeruli 14, kati yake 6 zimegeuka makovu.” Nyumbani walinichinjia kuku kwa furaha. Je, nimepona?*
*— Mwalimu, Nakuru*

Mwalimu, naandika haya nikijua yataitia doa furaha ya nyumbani kwako, lakini ni afadhali uyasikie sasa. Majibu hayo hayakusema kwamba huna kansa. Yamesema kwamba sindano haikuugusa uvimbe. Picha iliona kitu cha sentimita 3, na sindano imeleta tishu ambayo haina kitu hicho. Bado hatujui ni nini. Takriban biopsi moja kati ya kumi za uvimbe wa figo hutoka bila jibu kwa sababu kama hii, hasa uvimbe unapokuwa mdogo. Rudi kwa daktari wako wa upasuaji wa njia ya mkojo mzungumzie kurudiwa kwa biopsi, kwa kuwa mara ya pili mara nyingi hupata jibu. Huenda ikawa kansa, huenda ikawa uvimbe usio na madhara.

Hata hivyo, kosa hilo la sindano limekuletea habari ambayo usingeipata kwa njia nyingine, nami namshukuru mwanapatholojia wako kwa kuhesabu glomeruli badala ya kufunga faili. Glomeruli ndivyo vichujio vyenyewe, na kila figo ina takriban milioni moja. Vichache hugeuka makovu kadiri mtu anavyozeeka. Kuna kanuni ya mkono tunayoitumia: gawa umri kwa mbili, toa kumi, nawe utapata asilimia ya juu kabisa ya makovu inayoweza kuvumiliwa kwa umri huo. Kwa umri wako ni asilimia 13. Wewe una 6 kati ya 14, yaani asilimia 43.

Ninaweka tahadhari hapa, kwa sababu ni rahisi kukimbilia hitimisho. Uvimbe unapokua husukuma tishu iliyo kandokando yake, ikabanwa, vichujio vikafa na mirija ikasinyaa, na ukanda huo wa milimita chache huonekana mgonjwa hata figo nzima ikiwa na afya. Sindano iliyoukosa uvimbe kwa milimita chache huenda ilitua papo hapo. Kwa hiyo asilimia 43 inaweza kuwa ishara ya ugonjwa wa figo zote mbili, au alama ya jirani mbaya tu. Hadubini peke yake haiwezi kuamua. Mkojo, damu na presha vinaweza. Pima albumini katika mkojo, kriatinini pamoja na hesabu ya uwezo wa kuchuja, sukari, virusi vya Ukimwi na presha kwa siku kadhaa, na uvipime kabla ya kukubali upasuaji wowote.

Nasisitiza neno kabla kwa sababu majibu hayo yanaweza kubadilisha upasuaji wenyewe. Uvimbe wa sentimita 3, hata ukiwa kansa, mara nyingi huweza kukatwa peke yake na figo ikabaki, au kuchomwa kwa joto, au hata kufuatiliwa kwa picha kwa muda. Katika utafiti ule wa New York niliomwelezea binti wa Kisumu, miaka mitatu baada ya upasuaji, asilimia 80 ya waliokatwa uvimbe pekee walikuwa bado hawajashuka chini ya 60, lakini kati ya waliotolewa figo nzima ni asilimia 35 tu. Ikiwa vichujio vyako vina ugonjwa tayari, basi kila kipande cha figo kinachoweza kuokolewa kiokolewe, na daktari wa upasuaji anastahili kulijua hilo kabla hajapanga siku.

*

*Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 19. Alipimwa akakutwa amebeba siko seli ya upande mmoja, yaani si mgonjwa. Mwezi uliopita alikojoa damu kwa siku tatu bila maumivu. Nimesikia kwamba watu wa aina yake hupata kansa ya figo. Nifanye nini?*
*— Mama wa Bondo, Siaya*

Mama, mpeleke akapigwe picha ya figo wiki hii, usingoje damu irudi. Katika nchi yetu ya ziwani waliobeba chembe hii ni wengi, na wengi wao huishi maisha yao yote bila tatizo. Sehemu ya ndani kabisa ya figo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, kwa hiyo hata mbebaji tu seli zake nyekundu huweza kujikunja kama mundu hapo, zikaziba vijishipa na kuleta damu kwenye mkojo. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida, na mara nyingi hutulia kwa kupumzika na kunywa maji.

Ulichosikia kina ukweli pia. Ipo kansa ya sehemu hiyo ya ndani, iliyopewa jina lake mwaka 1995, ambayo huwapata karibu wabebaji wa siko seli tu, wengi wao vijana, na mara nyingi katika figo ya kulia. Ni nadra sana, lakini ni kali na huenea mapema, na kwa ajili hiyo sikubali kijana wa aina hii aambiwe anywe maji aende nyumbani bila picha. Ikitokea akahitaji biopsi, hakikisha kwenye fomu imeandikwa kwamba amebeba siko seli. Mwanapatholojia akijua, ataitazama damu iliyo ndani ya tishu isiyo na uvimbe, na mara nyingi atazikuta seli zenye umbo la mundu zikimwonyesha jina la uvimbe ulio kando yake.

*

*Daktari, mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Kakamega. Figo zinazotolewa hapa huja kwetu ndani ya ndoo, tunazikata na kutuma vipande kwa mwanapatholojia mjini. Amelalamika kwamba hawezi kusoma tishu isiyo na uvimbe. Tukate wapi, tutumie rangi gani, na je, vipimo vya kinga vinawezekana baada ya formalini?*
*— Mtaalamu wa Maabara, Kakamega*

Ndugu yangu, nimelifurahia swali lako kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwenye hadubini yalitendeka ndani ya ndoo. Figo nzima iliyotumbukizwa katika formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, hukaa siku nyingi ngozi yake ikiwa imehifadhika vizuri na moyo wake ukioza, kwa kuwa formalini hupenya polepole mno, na mirija ya figo ni miongoni mwa tishu zinazoharibika mapema. Mwombe daktari wa upasuaji akupigie simu figo inapotoka. Ipasue mara moja katikati, kutoka ukingo wa nje hadi kwenye kitovu chake, kisha uizamishe katika formalini ya asilimia 10 ambayo ujazo wake ni angalau mara kumi ya tishu.

Ukifika kwenye ukataji, uvimbe upe vipande vyake kama kawaida, halafu uende mbali nao. Tishu iliyo ndani ya milimita 5 kutoka kwenye uvimbe haifai kwa kazi hii, kwa sababu ile niliyomweleza Mwalimu wa Nakuru. Mimi hupenda kipande kitoke ncha ya pili kabisa ya figo, kikiwa na gamba la nje, ambako vichujio vyote vimo, pamoja na sehemu ya ndani kidogo. Kimoja kizuri kinatosha. Viwili ni bora. Ikiwa ni uvimbe tu uliokatwa na ukingo wake ni mwembamba, andika hivyo kwenye fomu ili msomaji asiamini makovu atakayoyaona.

Kuhusu rangi, sikushauri uende kununua vitu ambavyo hospitali haiwezi kuvimudu. Ukiwa na PAS peke yake, tayari umempa msomaji macho mapya, kwani utando wa vichujio na kuta za vijishipa hujitokeza waziwazi. Kata nyembamba, mikroni 2 hadi 3, maana slaidi nene huvifanya vichujio vyote vionekane vimejaa. Rangi ya fedha na ya trikromu zikipatikana ni heri. Kongo nyekundu iwe karibu kwa siku utakapoona vitu vya waridi visivyo na umbo, kwa sababu hiyo huweza kuwa amiloidi, ambayo katika rangi ya kawaida hupita kama kovu la kawaida.

Fomu nayo ni sehemu ya sampuli. Fomu inayokuja kwako ikiwa na maneno mawili tu, “uvimbe figo”, irudishe wodini kwa heshima, uombe presha, sukari, hali ya virusi vya Ukimwi, protini ya mkojo na kriatinini. Ugonjwa wa figo unaoletwa na virusi hivyo huyaangusha matanzi ya kichujio kwa namna ya pekee, na msomaji asiyejua hali ya mgonjwa atadhani ni vichujio vilivyobanwa na uvimbe.

Na swali lako la mwisho: ndiyo, vipimo vya kinga vinawezekana. Njia bora ni kutenga kipande kidogo kabla ya formalini, lakini kwa mgonjwa wa uvimbe hakuna anayekumbuka kufanya hivyo, nami silaumu. Kipande kilichokwisha kufungwa kwenye nta huweza kutolewa nta, kikatibiwa kwa kimeng’enya cha kumeng’enya protini, kisha kikapakwa rangi ing’aayo ya kutafuta kingamwili kama IgG, IgA na nyinginezo. Baadhi ya amana, yaani kingamwili zilizolundikana katika vichujio, hazionekani vyema kama katika tishu mbichi, lakini zinazoonekana mara nyingi hutosha kumwambia daktari wa figo anapambana na nini. Kwa hiyo mwambie mwanapatholojia wako wa mjini kwamba vipande vya wagonjwa wa zamani mnavyo, vimeandikwa namba, na kwamba mkipata jina la mgonjwa ambaye mkojo wake umeanza kutoa povu mtamtumia kipande chake siku hiyo hiyo.